Bibi Afya mpya katani: anza na daftari, faini baadaye

Mdogo wangu, hongera kwa ajira ya afisa afya wa kata. Mimi niliripoti na begi moja kwenye kata ya kando ya Ziwa Viktoria, na kabla sijafungua mdomo watoto wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, walishanibatiza: Bibi Afya. Wewe ukiwa mwanamume utakuwa Bwana Afya. Jina hilo litatangulia kila unakokwenda, na wengine wakilisikia wanafunika sufuria.

Wiki ya kwanza itaishia kwa Afisa Utumishi. Peleka nakala za vyeti, omba posho ya kujikimu kwa maandishi, na kila barua ubaki na nakala yenye muhuri wa masjala. Miezi 12 ya majaribio ikiisha utahitaji karatasi hizo ili uthibitishwe kazini. Posho yangu ilichelewa, nikawa nakula kwa mkopo kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi. Wiki ya tatu nikapangiwa kukagua vibanda vya chakula, na cha kwanza kwenye orodha ni chake. Nilimkuta anakoshea sahani kwenye beseni moja tangu asubuhi. Ungemwambia nini, na daftari lake la madeni liko mezani? Nilikopa kwa mwenzangu, nikamlipa, kesho yake ndipo nikarudi kukagua. Fanya hivyohivyo.

Utakuwa na mabwana wawili. Kitaalamu unawajibika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kupitia Afisa Afya wa Wilaya. Lakini anayejua kama umeamkia kazini ni Mtendaji wa Kata, na ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Taarifa ya mwezi wapelekee wote. Diwani ni mwenyekiti wa kamati hiyo; mwamkie kama Mheshimiwa, na ujitambulishe kwake kabla hujamgusa mpiga kura wake.

Hilo la mwisho nililijifunza kwa aibu. Siku yangu ya tisa nilifunga kibanda mnadani, nimeshika Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 kama fimbo. Sheria ilikuwa upande wangu. Jioni nikapigiwa simu tatu, na kikao kilichofuata sikupewa hata kiti. Siku hizi naelekeza kwanza, kisha naacha notisi yenye tarehe, Mtendaji akiwa shahidi. Tarehe ikipita, hapo nafunga, na hakuna anayepiga simu.

Sasa daftari la vyoo vya kaya. Taarifa niliyorithi ilisema karibu kila kaya ina choo. Nikaomba mwenyekiti wa kitongoji anitembeze, tukafungua milango. Choo kimoja kilikuwa stoo ya nyavu, kingine kina kuku aliyeatamia. Kwa hiyo usiulize “mnacho choo?” Omba kukiona: sakafu inasafishika? tundu lina mfuniko? kuna mlango na paa? maji na sabuni viko wapi? Njia iliyoota majani inakwambia hakitumiki. Mzee mmoja alinionyesha shimo alilochimba enzi za kampeni ya Mtu ni Afya, 1973, akaniuliza mbona serikali imerudi kuuliza lilelile. Nilikaa nikamsikiliza saa nzima. Ndiye aliyewashawishi wanawe wanne wachimbe.

Mvua zikianza, lala na simu karibu. Mtu mzima akiharisha maji kama ya kuoshea mchele, ripoti ndani ya saa 24, usisubiri maabara. Lakini neno kipindupindu usilitamke hadharani kabla ya majibu. Sema “mgonjwa wa kuhara anayeshukiwa”, la sivyo soko linafungwa kwa uvumi. Nenda nyumbani kwake ukaulize maji wanateka wapi, na kama kuna msiba waliokwenda kula. Klorini yako isome tarehe mapema, maana nimewahi kufungua ndoo iliyokwisha nguvu siku ninayoihitaji.

Petroli ya pikipiki usiitegemee. Panga vitongoji vya mbali siku ambayo gari la chanjo linakwenda huko, udandie.

Yule mama ntilie sasa ana mabeseni matatu. Miezi sita ya kadi yake ya kupimwa afya ikikaribia kuisha ananipigia mwenyewe, na wali ananiuzia bei ya kila mtu. Mkopo kanikatia.