Kupika Rosh Hashanah hatua kwa hatua: nyama ya kidari, mkate wa asali na karoti

Dada mmoja ameanza kazi ya jikoni kwa familia ya Kiyahudi akaniuliza Rosh Hashanah anaanzia wapi, nikaona niandike tu yote hapa manake nimepikia familia kama hiyo hapa Nairobi miaka sita. Ni mwaka mpya wao, unaangukia Septemba ama mwanzoni mwa Oktoba na unaanza jioni jua likizama, kwa hivo kufikia hapo sufuria zako ziwe zimeiva.

Kwanza shika hili. Nyama na maziwa havikutani, iwe kwa sufuria, kwa sahani ama kwa mkate. Mwaka wangu wa kwanza nilipaka mkate siagi ukitoka kwa oveni, mkono umezoea, na mkate mzuri hivo ukaondolewa mezani kwa sababu chakula kilikuwa cha nyama. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo mlo wa nyama kwangu ni mafuta ya kupikia peke yake.

Hatua ya 1, siku moja kabla: nyama. Chukua kidari cha ng'ombe kilo 2, cha kosher, yaani kimechinjwa na kutayarishwa kufuata sheria za Kiyahudi. Onja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi manake nyama ya kosher huwa imeshatiwa chumvi kutoa damu. Igeuze kwa mafuta moto mpaka iwe kahawia pande zote, itoe, kaanga vitunguu vikubwa 4 polepole mpaka viwe vitamu, weka saumu, nyanya ya kopo vijiko 3 na maji vikombe 2. Rudisha nyama, funika kabisa, oveni 160°C masaa matatu na nusu hadi manne. Usiikate ikiwa moto, itamomonyoka yote! Ilaze kwa friji, asubuhi toa mafuta yaliyoganda juu, kata ukivuka nyuzi za nyama, alafu upashe vipande ndani ya mchuzi wake. Ya kulala ni tamu kuliko ya siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2, asubuhi: mkate, yaani challah. Hapa usiharakishe. Unga wa ngano kilo 1, hamira vijiko vya chai 4, chumvi vijiko vya chai 3, asali nusu kikombe, mafuta nusu kikombe, mayai 3 na maji vuguvugu kama ml 400. Kila yai livunje kwa glasi peke yake uliangalie, likiwa na doa la damu halitumiki. Kanda dakika 10 hadi 12, unga uwe laini kama ndewe ya sikio, ukinata kidogo uache tu, ukiongeza unga kila saa mkate utatoka mgumu. Funika uumuke saa moja na nusu.

Sasa umbo. Ijumaa za kawaida, Sabato yao ikianza jioni, mkate husukwa mrefu lakini Rosh Hashanah unakuwa wa mviringo, mwaka unazunguka. Gawa mara mbili, viringisha kila donge liwe kamba nene, tandaza zabibu katikati na uzifunge ndani, alafu zungusha kamba kama konokono na mwisho wake uufiche chini. Acha dakika 45, paka yai lililopigwa, choma 180°C kama dakika 30 hadi 35. Gonga chini, ukisikia mlio wa kitu kitupu umeiva.

Hatua ya 3: karoti, wanaita tzimmes. Kilo 1, kata duara kama shilingi, weka asali vijiko 3, maji ya machungwa kikombe 1, mafuta kidogo na plamu kavu, chemsha moto mdogo mpaka mchuzi ushike. Hizo duara ni kama pesa, na kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, karoti ni mern, neno ambalo pia linamaanisha kuongezeka, kwa hivo usizikate vijiti tafadhali.

Mezani weka bakuli la asali na komamanga. Mkate siku hii wengi wanauchovya kwa asali, alafu yanafuata matofaa na asali. Matofaa kata mwisho kabisa, wageni wakishakaa, manake yanageuka rangi haraka na ndimu usiyapake, usiku huu wanataka tamu.