Ongezeni kina cha malambo kabla ya vuli

Kila Agosti hadithi ni ileile Handeni, Kilindi na tambarare za Mkinga, mkoani Tanga: lambo lililofurika wakati wa masika limebaki tope lenye alama za kwato, na mwenye nalo analaumu udongo kwamba unavuja. Mara nyingi udongo hauna kosa. Maji yamepaa na jua na upepo, kwa sababu lambo lilichimbwa pana na la kina kifupi.

Pigeni hesabu hii kabla ya kumwita mwenye kijiko, yaani mtambo wa kuchimba. Kiangazi chetu hukausha kama milimita 6 za maji kwa siku. Katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba ni siku 150, kwa hiyo sentimita 90 zimekwenda. Lambo la mita 24 kwa 24 lenye kina cha mita 1 hubeba mita za ujazo 576. Oktoba zimebaki 58, nazo ni uji wa tope. Lingine lina mita 18 kwa 18 juu, mita 9 kwa 9 chini, kina mita 3, kuta zimelazwa mita 1.5 kwa kila mita ya kushuka. Hili hubeba mita za ujazo 567. Udongo wa kutoa ni karibu uleule, lakini Oktoba humo mna zaidi ya mita za ujazo 300. Na hapo sijatoa kinachonywewa na ng'ombe wala kinachozama ardhini, kwenye malambo yote mawili.

Wapo wanaonijibu kwa ndiva za Upare, yale mabwawa madogo ya kumwagilia, kwamba wazee walichimba kina kifupi na mashamba yakanywa. Ndiva hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Maji hayakai humo miezi mitano. Mwenye kijito kisichokauka na aige. Sisi wa kungoja mvua tuchimbe.

Mwenye kijiko hulipwa kwa saa, na akigonga udongo mgumu kwenye mita 1.5 atawaambia "tupanue tu". Mkatalieni! Chukueni kamba yenye jiwe, pigeni fundo kila nusu mita, mshushe kwenye pembe nne za sakafu na katikati, ndipo mlipe. Ila chimbeni kwanza kwa mkono shimo la majaribio la mita 3.5. Mkikutana na mchanga humo, hameni mahali hapo, maana hapo maji yatavuja kweli. Kazi yote iishe Septemba. Kila mwaka wapo wanaoanza Novemba, halafu mtambo unakwama kwenye matope na saa zinahesabiwa.

Kina hicho kinaweza kupotea tena kwa mfereji mbaya. Mfereji wa udongo unaoleta maji ushuke sentimita 20 kwa kila mita 100, upimwe kwa mpira wa maji (bomba jembamba linaloonyesha usawa), si kwa jicho. Ukishuka mita 2 kwa umbali huohuo, mvua mbili tatu zitaugeuza korongo na udongo wake wote utalala ndani ya lambo. Mita 5 kabla ya mlango wekeni shimo la kutegea tope: urefu mita 3, upana 2, kina 1. Lizolewe baada ya masika na tena baada ya vuli. Shimo lililojaa halitegi kitu, na mnajua wenyewe ni wangapi mnaolizoa.

Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, uchongwe pembeni kwenye ardhi asilia, sakafu yake iwe nusu mita au zaidi chini ya kilele cha tuta la lambo. Ng'ombe wanywe kwenye mbauti, yaani birika la kunyweshea, nje ya uzio wa lambo.

Lambo likiwa bado na maji yanayopita kiuno mwanzoni mwa Oktoba, mmefaulu.

Wanaotaka kuziba korongo badala ya kuchimba, waanzie bodi ya maji ya bonde lao kuomba kibali, kabla hawajakodi mtambo.