Jinsi ya kuufuata mto Betsiboka kwenye ramani ya simu bila kupotea

Wengi wakitaka kuujua mto wanaanza kusaka chanzo, wanaishia kupotea huko juu kwenye vijito kama utitiri. Kwa Betsiboka wa Madagaska anzia baharini. Fungua ramani, weka picha ya setilaiti (bando litaenda kidogo, ndo hivyo), tafuta Mahajanga, pwani ya kaskazini magharibi. Pembeni ya mji kuna ghuba ya Bombetoka, maji mekundu kama matofali na visiwa virefu vya mikoko. Visiwa vyenyewe ni tope tu ambalo mto umelishusha kutoka bara, zamani meli za baharini zilikuwa zinapanda mpaka ndani ya mto, sasa hivi zinaishia pwani.

Haya, panda kusini mashariki. Unapita mpunga wa Marovoay, mtu wa Kilombero akiuona atajua yuko nyumbani. Mbele kidogo, karibu na Ambato-Boeny, mto Kamoro unaingia kutokea mashariki, huo uache.

Sasa ukikaribia Maevatanana ndo watu wanachemsha, maana mito inakuwa miwili na yote mikubwa. Wa magharibi unaitwa Ikopa, wa mashariki ndo umebaki na jina la Betsiboka. Usidhani Ikopa ni kijito eti kwa sababu vitabuni umeandikwa tawimto, wenyewe tu una karibu kilomita 485 wakati Betsiboka ni kama 525. Mimi mara ya kwanza niliufuata nikijua bado nipo Betsiboka, nashtukia nimetokea Antananarivo, kumbe ndo mto wa mji mkuu wenyewe, na pale unapokea Sisaony na wengine wadogo kwenye mabonde ya mpunga.

Ili usichanganye, shika barabara ya RN4. Ikitoka mji mkuu inateremka katikati ya mito hiyo miwili, ikishapita Maevatanana inavuka daraja, na maji ya chini ya daraja hilo ni Betsiboka, Ikopa umebaki magharibi. Hapo hapo mwaka 1942 askari wa Kifaransa wa serikali ya Vichy (ile iliyoshirikiana na Wajerumani) walilipua daraja kuwazuia Waingereza, ambao kwenye jeshi lao walikuwemo vijana wa KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza) kutoka huku kwetu Afrika Mashariki. Kipande cha katikati kikaanguka mtoni, jamaa wakavuka hivyo hivyo.

Ukitaka kujua wekundu unatoka wapi, vuta karibu vilima vya juu ya hapo mpaka uone makovu mekundu kama mtu kamega mlima kwa kijiko. Wenyeji wanaita lavaka. Na kama programu yako inaruhusu kuchagua tarehe chukua picha ya masika yao, Novemba hadi Aprili, kiangazi maji yanapungua na kinachoonekana zaidi ni mchanga.