Rangi Ikibanduka Ukutani, Usianze na Fundi Rangi

Nyumba nyingi za kupangisha Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hupakwa rangi kila mpangaji anapohama, na kabla mwaka haujaisha pale palepale pamevimba tena. Rangi haina kosa. Kuna maji ndani ya ukuta, na mpaka ujue yanaingilia wapi, kila debe unalonunua ni hasara.

Anza kwa kuangalia umbo la doa. Likianzia darini na kutanuka kila mvua inaponyesha, hilo ni la paa. La duara, karibu na bafu au jiko, lisilokauka hata kiangazi, ni la bomba. Likianzia sakafuni, likaishia chini ya mita 1 kwa mstari wa mlalo na kuacha unga mweupe wa chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini. Ukibaki na shaka, kwangua rangi iliyolegea, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 na ukizibe kwa selotepu pande zote nne. Baada ya siku 2, matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, chumba kinakosa hewa tu.

Kwa bomba, funga koki zote na usome mita ya maji. Rudi baada ya saa 1; mita ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja. Nyumba yenye tangi hudanganya hapa, kwa sababu mita huona maji yanayoingia kwenye tangi tu. Basi usiku, wakati hakuna anayetumia maji, funga koki ya kuingizia, weka alama ya kimo cha maji, na uangalie alfajiri.

Paa likaguliwe Februari, kabla ya masika. Kagua misumari ya bati kwanza: jua hukausha mpira wake, upepo huinua bati, na msumari hupanda kidogo kidogo. Fundi wengi huugongelea palepale. Ni kazi bure, maana tundu kwenye mbao limeshapanuka, na nyundo ikizidi hubonyeza mgongo wa bati maji yakatuama. Ung'oe, weka skrubu ya bati nene kidogo yenye mpira mpya. Gata zitolewe majani, kisha mwaga ndoo ya maji upande wa juu. Zinatakiwa kushuka sentimita 1 kwa kila mita 2. Maji yakisimama katikati, yatafurika kuelekea ukutani.

Ugonjwa mgumu ni maji yanayopanda kutoka chini, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye aliyeuleta. Nyumba ilijengwa vizuri, nailoni ya kuzuia maji yasipande ikawekwa juu ya msingi, halafu miaka michache baadaye ua ukamwagiwa kifusi na kupangwa vitofali mpaka vikaipita nailoni. Bustani ya maua iliyoegemea ukuta hufanya vilevile. Ardhi ya nje iwe angalau sentimita 15 chini ya nailoni hiyo, na ishuke kuondoka ukutani, sentimita 5 ndani ya mita ya kwanza. Angalia pia chemba na karo za bafu zilizo karibu. Zikiwa na ufa, zinalisha msingi maji kila siku. Kuchimba na kushusha ardhi ni kazi ya vibarua wa siku chache, na mara nyingi hiyo peke yake inatosha kuukausha ukuta.

Kama msingi hauna nailoni kabisa, njia nafuu ni kutoboa matundu ya milimita 12, kila sentimita 12, kwenye kozi ya chini, yaani mstari wa chini wa matofali, na kuingiza dawa ya kuzuia unyevu. Usimruhusu mtu akate ukuta mzima kwa mkupuo ili apitishe nailoni mpya. Utashuka na kupasuka.

Chanzo kikishazibwa, bandua lipu mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa doa. Futa chumvi kwa brashi kavu, kwani ukiiosha inarudi ndani ya tofali. Acha ukuta ukauke wiki kadhaa za kiangazi. Lipu mpya iwe saruji 1 kwa mchanga 5, yaani mfuko wa kilo 50 kwa ndoo 9 hivi za lita 20. Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata hewani, kwa hiyo doa litarudi bila tone la mvua. Mwagilia siku 7, subiri wiki 4, kisha paka rangi ya maji. Rangi ya mafuta na vigae huonekana kama dawa kwa sababu vinaficha, lakini unyevu uliozibiwa njia hupanda na kutokea juu yake, sasa kwenye kimo cha dirisha.

Kabla lipu haijafunikwa, piga picha za mabomba na nyaya zote huku futi ikiwa imenyooshwa kutoka kona ya chumba, uzihifadhi pamoja na mkataba wa nyumba hiyo. Fundi bomba atakayekuja baadaye atavunja sentimita 20 badala ya ukuta mzima.