Laana Isiyomwaga Damu

Jumamosi jioni tunacheza Dungeons & Dragons sebuleni kwangu Pasua, Moshi. Ni mchezo wa kusimulia hadithi: kila mchezaji ana shujaa wake, na dadu huamua matokeo. Msimamizi wa mchezo ni mimi. Mtu akipata uchawi wa laana hukimbilia kuongeza maumivu: dadu ya pande 8 kila pigo. Sawa, lakini huo ni uvivu.

Kanuni za toleo la 5 za mwaka 2014 zinakuruhusu kubuni laana yako, mradi isizidi nguvu ya zile zilizoandikwa na msimamizi aridhie. Anza na tabia ya unayemlaani, namba baadaye. Juzi dada mmoja alimlaani mlinzi wa lango: kila akidanganya, ashikwe na kwikwi. Tukamuuliza funguo ziko wapi. "Si-kwik!-sijui." Meza nzima hoi kwa kicheko, chai ikamwagika kwenye ramani, na lango tukalipita bila kuchomoa upanga.

Angalia muda. Laana ya daraja la 3, yaani kiwango cha nguvu ya uchawi, hudumu dakika 1 tu, tena lazima umguse mtu na usipoteze umakini. Akirusha dadu ya hekima kujiokoa na akashinda, imekula kwako. Ukiipandisha daraja la 5, inakaa saa 8 yenyewe.

Kisha weka njia ya kuiondoa. Mimi huchota ya nyumbani: Wachagga huombea msamaha kwa jani la mmea uitwao isale, basi aliyelaaniwa alipeleke kwa aliyemkosea. Kijana wetu mmoja alimdhulumu muuza mbuzi mchezoni, akalaaniwa, na amegoma kabisa kumwangukia. Wiki ya tatu hii shujaa wake ananuka beberu.