Vihisishi vya Kiingereza: mkato au alama ya mshangao?

Katika insha za Kiingereza ninazosahihisha, alama ninayoifuta kuliko zote ni ya mshangao. Mwanafunzi akishaandika kihisishi, yaani neno la kutoa hisia kama "Oh", mkono unaichora wenyewe. Chukua insha yako tuanze.

Kwanza, soma sentensi kwa sauti. Kihisishi kikikutoka kwa kishindo, kama mtu aliyejigonga kidole cha mguu, kipe alama ya mshangao, kisha anza sentensi mpya kwa herufi kubwa: "Ouch! That stone is sharp." Kikitoka taratibu, weka mkato na uendelee kwa herufi ndogo: "Oh, we forgot the salt." Mshangao ukienea sentensi nzima, mkato hubaki mwanzoni, alama ya mshangao ikaenda mwishoni: "Wow, what a big fish!" Moja inatosha. Tatu ni za WhatsApp.

Kihisishi kikikaa katikati, kizungushie mikato miwili: "The bus, alas, had left." Wengi huweka wa kwanza wakasahau wa pili. "O" ya kuita, ile ya kwenye sala, haitaki mkato na ni herufi kubwa daima: "O Lord, hear us."

Sasa angalia maana, maana hapa ndipo Kiswahili hututega. Mtu akijikwaa tunamwambia "pole", na kwa Kiingereza tunakimbilia "Sorry!" Mwingereza anaweza kushangaa: kwani wewe ndiye uliyemkwaza? Mwulize "Are you all right?" Mtu akikupa habari ya msiba, hapo "I'm so sorry to hear that" ni sawa kabisa. "Kumbe" nayo haina neno moja la kulingana nayo. Mimi hutumia "Oh, so": "Kumbe wewe ndiye mwalimu!" inakuwa "Oh, so you're the teacher!" Tena chunga "uh-huh" na "uh-uh". La kwanza ni ndiyo, la pili ni hapana. Ukijibu posa kwa ujumbe wa simu, hiyo "h" moja ina uzito wake.

Barua ya kuomba kazi ipitie tena na ufute vihisishi vyote, hata "Well" ya kuanzia. Kwenye hadithi viache, ila mkato uingie ndani ya alama za kunukuu: "Hmm," she said, "that's too much."