Kuivunja namba 2,162,202 kwa kalamu na karatasi

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru. Wanafunzi ninaowafundisha hapa mjini hupewa namba hiyo, simu zikiwa mfukoni, watafute namba tasa zilizoiunda. Wengi huanza kugawa ovyo. Punguza kwanza, ndipo utafute.

Hatua ya 1. Inaishia na 2, basi ni shufwa: ÷ 2 = 1,081,101. Tano haimo.

Hatua ya 2. Jumlisha tarakimu za namba ya mwanzo: 2+1+6+2+2+0+2 = 15. Tatu imo, tisa haimo. 1,081,101 ÷ 3 = 360,367.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye utamu. Saba huogopwa bure. 7 × 11 × 13 = 1,001, na 1,000 imepungukiwa na moja tu kuifikia. Kwa hivyo chukua makundi ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, utoe na kujumlisha kwa zamu, koma zimeshakupangia. 367 − 360 = 7. Jibu linagawika kwa 7, kwa hivyo 360,367 nayo inagawika. Haligawiki kwa 11 wala 13, basi hizo mbili zimetoka kwa mpigo mmoja. 360,367 ÷ 7 = 51,481. Jaribu tena: 481 − 51 = 430, saba haiingii.

Hatua ya 4. Sasa jasho. Kama 51,481 ina vigawo viwili, haiwezekani vyote vizidi kipeuo chake cha pili. 227 × 227 = 51,529, tayari imepita, kwa hivyo namba tasa ya mwisho kujaribu ni 223. Kuanzia 17 ziko 42. Zipitie zote, hakuna njia ya mkato ninayoiamini kwa mkono. Ukifika 211 utatamani kusema imeingia, lakini 211 × 244 = 51,484. Tatu zimezidi. Hakuna hata moja inayoingia: 51,481 ni tasa.

2,162,202 = 2 × 3 × 7 × 51,481

Hatua ya 5. Kila namba tasa imetokea mara moja, na katika kigawo chochote huwa imo au haimo. Vigawo ni 2 × 2 × 2 × 2 = 16. Jumla yake ni 3 × 4 × 8 × 51,482 = 4,942,272. Ondoa namba yenyewe, zinabaki 2,780,070: vigawo vimemzidi mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa kila namba inayogawika kwa 6, ukiacha 6 yenyewe. Nusu, theluthi na sudusi yake zikijumlishwa zinaitimiza nzima, na 1 bado haijahesabiwa.

Ukimaliza, shika ya Kisumu kutoka sensa hiyo hiyo: 1,155,574. Tatu haimo. 574 − 155 + 1 = 420, kwa hivyo saba imo. Endelea.